Alizeti ya kawaida, alizeti ya oleiki nyingi, karanga au ufuta? Kuchagua mbegu ya mafuta ukiwa Dodoma

Novemba, kabla mvua haijashika, kijana mmoja wa Hogoro alishuka kwenye bodaboda mbele ya mashine yangu ya kukamulia hapa Kibaigwa. Mkononi alikuwa na vifuko viwili vya karatasi.

"Shikamoo baba. Hii nimeambiwa ni alizeti ya Record. Hii nyingine nimeambiwa mafuta yake ni kama ya zeituni. Nina ekari tatu. Nichukue ipi?"

Nilimimina kila mbegu kwenye kiganja chake. Za kifuko cha kwanza zilikuwa nene, ganda gumu, na ukizitikisa karibu na sikio unasikia kiini kikicheza ndani. Za pili zilikuwa nyembamba, ganda limekikumbatia kiini. Tukamenya kumi kumi, tukaziweka kwenye karatasi ya daftari na kuzikandamiza kwa chupa. Zote ziliacha doa la mafuta, na doa la zile nyembamba lilitanuka zaidi. Hapo nikamwambia jambo ambalo nalieleza hapa kwa kirefu, maana swali lake naliulizwa kila msimu: doa linakuonyesha mafuta ni mangapi, lakini halikuonyeshi ni mafuta ya namna gani. Ni maswali mawili, na ndani ya mbegu kila moja lina jeni zake.

Mangapi: Record na chotara

Wingi wa mafuta kwenye mbegu ya alizeti unaamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Nyingine zinapunguza unene wa ganda, nyingine zinakijaza kiini. Ndiyo maana ilihitaji miaka mingi ya kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi kuibadilisha alizeti. Kazi kubwa ilifanyika Krasnodar, kusini mwa Urusi, chini ya V. S. Pustovoit, ambaye aliitoa alizeti kwenye kiwango cha karibu asilimia 30 ya mafuta na kuifikisha karibu asilimia 50. Alizeti nyingi nzuri za leo duniani zina deni kwa kazi ile.

Record ni mbegu huria. Nyuki wanaichavusha shambani, nawe unaweza kuchagua vichwa bora ukatunza mbegu ya mwakani bila kupoteza sana. Mafuta yake yanacheza kwenye asilimia 30 na kitu. Chotara nzuri, yaani mbegu za wazazi wawili tofauti waliochaguliwa, zinavuka 40. Kwa mdomo tofauti hiyo inaonekana ndogo, kwa hiyo tuipigie hesabu. Chukua kilo 100 za mbegu yenye asilimia 32 ya mafuta, ukamue kwa mashine ambayo mashudu yake yanabaki na mafuta kama asilimia 10 ya uzito wa mashudu hayo. Utapata kama lita 26. Kilo 100 za mbegu yenye asilimia 42, mashine ile ile, zitakupa kama lita 38. Karibu lita 12 za ziada kwenye uzito ule ule, na gharama ya kukamua ni ile ile.

Chotara inadai kitu kimoja: ununue upya kila msimu. Ukipanda mbegu ulizovuna kwenye chotara, watoto wanagawanyika, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu kichwa kidogo, na mafuta yanashuka. Mwenye ekari moja na nusu asiye na uhakika wa fedha mwezi Novemba simlaumu akibaki na Record, ila aipate ikiwa safi. Record ya sokoni isiyo na lebo mara nyingi ni mchanganyiko wa mbegu za mashamba kumi tofauti, na jina limebaki jina tu. Tafuta mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au mbegu za kuazimiwa ubora zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa vijijini.

Ya namna gani: swichi moja ndani ya mbegu

Hapa ndipo kifuko cha pili cha yule kijana kinapohusika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapouziwa maneno.

Mafuta ya mbegu ni minyororo ya kaboni, na iliyo mingi kwenye alizeti ina kaboni 18. Mbegu inapojaa shambani, mmea unatengeneza kwanza asidi ya oleiki, mnyororo wenye muungano maradufu mmoja. Kisha kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo FAD2 kinaichukua oleiki na kuiongezea muungano maradufu wa pili, nayo inakuwa linoleiki. Basi. Tofauti kati ya "alizeti ya kawaida" na "alizeti ya oleiki nyingi" iko kwenye hatua hiyo moja: FAD2 inafanya kazi au imenyamazishwa.

Kwenye alizeti ya kawaida FAD2 inafanya kazi. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaitambua kuwa yenye linoleiki kati ya asilimia 48 na 74 hivi, na oleiki kati ya 14 na 39. Alizeti ya oleiki nyingi, kwa viwango hivyo hivyo, lazima oleiki yake ifike angalau asilimia 75.

Chanzo chake pia ni Krasnodar. Miaka ya 1970 mtafiti K. I. Soldatov alizitibu mbegu kwa kemikali inayosababisha mabadiliko ya vinasaba, akachambua vizazi vilivyofuata, na humo akapata mmea uliozaa aina iliyopewa jina la Pervenets. Kwenye mimea hiyo kipande cha jeni ya FAD2 kimejirudia, na kujirudia huko kunaufanya mmea wenyewe uizime jeni hiyo ndani ya mbegu. Nimesikia wakulima wakiiogopa mbegu hii wakidhani imepandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Hapana. Hakuna jeni ya nje iliyoingizwa humo. Ni jeni ya alizeti yenyewe, imezimwa.

Zikiwekwa bega kwa bega

*Kwenye dumu.* Oksijeni ya hewani inaishambulia linoleiki kwa kasi inayofika mara kumi au zaidi ya inavyoishambulia oleiki, na sababu ni ule muungano wa pili. Mwaka juzi niliacha madumu mawili ya lita 20 ya alizeti ya kawaida kwenye kibaraza, yale ya manjano yanayopitisha mwanga, jua la mchana likiyafikia. Yalikaa kuanzia Juni. Mwishoni mwa Agosti nilifungua kifuniko nikakutana na harufu kali inayokwaruza koo, na juu ya mdomo wa dumu mafuta yamekuwa ya kunata kama gundi. Yalikuwa yamechacha, na sikuwa na la kufanya. Mafuta ya oleiki nyingi yangestahimili zaidi. Lakini hata mafuta ya kawaida yangestahimili kama ningeyajaza dumu hadi juu na kuliweka gizani penye ubaridi. Kabla ya kununua mbegu mpya kwa ajili ya kuhifadhi, angalia kwanza unayahifadhi wapi.

*Kwenye karai.* Mama anayekaanga mandazi au chipsi kutwa nzima kwenye mafuta yale yale anaijua tofauti hata asipojua jina lake. Mafuta yenye linoleiki nyingi yanatoa povu mapema, yanakuwa meusi, yanaanza kunata pembeni mwa karai. Ya oleiki nyingi yanavumilia moto mara nyingi zaidi. Kama mnunuzi wako ni huyo, faida ya oleiki ni ya kweli.

*Kwenye sahani ya nyumbani.* Hapa natofautiana na wauzaji wanaoyasema mafuta ya kawaida kana kwamba ni mabaya. Linoleiki ni miongoni mwa asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ni lazima uzipate kwenye chakula. Mafuta ya alizeti ya kawaida, yaliyokamuliwa vizuri, yanayopikia mboga mara moja na kuliwa, ni chakula kizuri kabisa, na yana vitamini E nyingi. Familia inayokula dumu moja kwa miezi miwili mitatu haina sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya oleiki.

*Kwenye hali ya hewa yetu.* Jambo hili wengi hawalifahamu na linatuhusu sana kanda ya kati. Kwenye alizeti ya kawaida, joto la usiku wakati mbegu inajaa linabadilisha mafuta. Usiku wa joto, kile kimeng'enya kinafanya kazi kidogo na oleiki inabaki nyingi. Usiku wa baridi, linoleiki inaongezeka. Kwa hiyo mtu wa bondeni aliyepanda mapema, mbegu zake zikajaa Machi kukiwa bado na joto, na mtu wa miinuko ya Mpwapwa au Singida aliyechelewa, mbegu zake zikajaa Mei upepo wa baridi umeshaanza, wanaweza kuwa wamenunua mfuko ule ule na wakavuna mafuta tofauti. Oleiki nyingi ya kweli haiyumbi hivyo, kwa sababu swichi imezimwa na usiku wa baridi hauiwashi. Mnunuzi anayetaka kiwango kile kile kila mwaka anailipia sifa hiyo hasa.

*Kwa jirani.* Mafuta ya mbegu ya alizeti yako ndani ya kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, na kiinitete kina baba na mama. Mama ni mmea wako. Baba ni chavua, na chavua inaletwa na nyuki ambaye hajui mpaka wa shamba lako na anaweza kuruka kilomita kadhaa. Ukipanda ekari mbili za oleiki nyingi katikati ya kijiji ambacho kila mtu ana Record, sehemu ya mbegu zako itakuwa na baba wa Record mwaka huo huo, si mwakani. Baadhi yake zitashuka kiwango. Kuzimwa kwa FAD2 kunatawala kwa sehemu kubwa, hivyo hutapoteza kila kitu mara moja, lakini mnunuzi akipima akakuta umeshuka chini ya alichoandika kwenye mkataba, atakurudishia mzigo. Kumbuka pia alizeti zinazoota zenyewe kutoka msimu uliopita. Zing'oe kabla hazijatoa ua.

*Kwa mbegu ya mwakani.* Chotara ya oleiki nyingi iliyopata sifa hiyo kwa mzazi mmoja tu, unapovuna, robo hivi ya mbegu zinarudi kuwa za kawaida, maana tayari ni kizazi cha pili. Watengenezaji makini wanaiweka sifa kwa wazazi wote wawili. Kwa macho hutaweza kujua, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kiwango cha oleiki kilichoandikwa kwenye mfuko au kwenye karatasi ya kampuni, usichukue mbegu yake kwa bei ya oleiki.

*Kwa bei.* Mimi nakamua gunia moja baada ya jingine kwenye mashine ile ile. Mabaki ya gunia la Record yanaingia kwenye la kwako, na mafuta yote yanaishia kwenye tenki moja. Rangi haitofautishi oleiki na linoleiki, wala ladha. Inahitaji maabara. Maana yake ni kwamba oleiki uliyoihangaikia shambani inapotea siku unapoileta kwangu, na utalipwa kama aliyeleta Record. Nasema hivi nikijua ni biashara yangu.

Karanga

Karanga ziko palepale kwenye jeni ile ile, ila kwa njia inayompendelea mkulima mdogo zaidi.

Karanga ina seti mbili za vinasaba kutoka kwa mababu wawili wa porini, hivyo ina nakala mbili za FAD2. Ili oleiki iwe nyingi ni lazima zote mbili ziharibike. Hilo lilionekana Florida, Marekani, ambapo mwaka 1987 watafiti walitangaza karanga zenye oleiki karibu asilimia 80, wakati za kawaida mara nyingi zinakaa kati ya 40 na 60. Tofauti na alizeti, hapa sifa imejificha: nakala moja nzima inatosha kuirudisha linoleiki.

Ungedhani basi kuitunza ni kazi ngumu. Kumbe ni rahisi, kwa sababu ua la karanga linajichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka vizuri. Chavua ya jirani inaingia mara chache sana. Mkulima akipata mbegu safi ya karanga za oleiki nyingi anaweza kuzitunza miaka kadhaa, mradi asizichanganye kwenye gunia, kwenye turubai la kuanikia au kwenye mashine ya kupukuchulia. Kwa mtu asiyetaka kununua mbegu kila Novemba, hii ni hoja nzito kuliko asilimia yoyote.

Faida ya oleiki kwenye karanga inaonekana kwenye karanga zenyewe na siagi yake zaidi ya kwenye dumu: karanga zilizokaangwa zinakaa muda mrefu bila kuchacha. Na kwetu Ugogoni nani anakamua karanga? Zinasagwa zikaingia kwenye mlenda, au zinakaangwa zikauzwa stendi. Kuzikamua mafuta ni kuzishusha thamani.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni sumukuvu. Ukame wa mwishoni mwa msimu na joto la Dodoma vinampa nafasi fangasi anayeitengeneza, na oleiki nyingi haizuii hilo hata kidogo. Vuna kwa wakati, kausha juu ya turubai na si juu ya udongo, chambua zilizovunjika na zilizonyauka. Ya pili ni mvua. Aina inayokomaa mapema kama Pendo, iliyotolewa mwaka 1998, inafaa kwa msimu wetu mfupi wa mvua moja kuliko aina ndefu yenye mafuta mazuri inayokauka kabla ya kujaa. Kongwa hapa tunakumbuka: mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951, udongo ukiwa umewagomea kwa kukauka kama tofali na mvua zikiwa hazikuwasikiliza. Walijaribu hata alizeti. Walikuwa na matrekta na fedha za serikali nyuma yao. Mbegu bora isiyoendana na mvua yako haina mafuta ya kujadili.

Ufuta, kwa ufupi

Ufuta una mafuta mengi kuliko zote, karibu nusu ya uzito wa mbegu, na oleiki na linoleiki zinakaribia kulingana, kila moja kama asilimia 40. Kwa hesabu ya linoleiki ungetarajia mafuta yake yaharibike haraka kama ya alizeti, au karibu yake. Lakini mafuta ya ufuta yanadumu sana, kwa sababu mbegu inatengeneza pia sesamini na sesamolini, na hii ya pili ikipata moto inatoa kinga kali dhidi ya oksijeni. Hizo nazo zina jeni zake, tofauti kabisa na FAD2. Kwa hiyo mtu akikuambia ubora wa mafuta ni oleiki peke yake, mwonyeshe ufuta.

Lakini kwa mkulima wetu, ufuta karibu wote unauzwa ukiwa mbegu, na mnunuzi anaangalia weupe na usafi. Aina kama Lindi 2002 au Mtwara 2009 unazichagua kwa mavuno na rangi. Muundo wa mafuta usikusumbue. Kinachosumbua ni vitumba kupasuka na kumwaga mbegu chini ukichelewa kuvuna siku chache.

Nani achukue nini

Mwenye kula na kuuza mafuta kijijini: alizeti ya kawaida. Akiwa na fedha ya mbegu kila mwaka achukue chotara, kwa sababu lita za ziada atazipata kwa uhakika. Asipokuwa nazo, Record safi yenye lebo. Katika hali zote mbili aachane na hadithi ya oleiki.

Oleiki nyingi kwenye alizeti nampendekezea mtu mmoja tu: mwenye mkataba wa maandishi unaotaja kiwango na bei ya ziada, mwenye eneo kubwa au kikundi cha majirani waliokubaliana wote kupanda aina moja, na mnunuzi anayekamua kwenye mashine iliyosafishwa. Likikosekana moja kati ya hayo, faida inavuja. Kikundi ndicho njia ninayoiamini zaidi. Wakulima ishirini wenye mashamba yanayopakana wanaweza kufanya asichoweza mmoja mwenye ekari kumi, kwa sababu hapo nyuki wa jirani anakuja na chavua ya aina ile ile.

Anayetaka oleiki na kutunza mbegu zake mwenyewe, afikirie karanga, akiuza kwa msagaji wa siagi ya karanga.

Yule kijana wa Hogoro nilimuuliza nani atanunua. Akasema ataleta hapa hapa kwangu. Nikamuuliza majirani zake wanapanda nini. "Record, baba. Wote." Na kwenye kifuko cha pili, nilipokigeuza, hakukuwa na jina la aina, hakukuwa na lebo, palikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu.

Alirudisha kile kifuko alikokitoa. Ekari mbili ameweka chotara yenye lebo, kilo mbili kila ekari, na ekari moja Record, akaitenga upande wa korongo ili aweze kuchagua vichwa vya mbegu katikati ya shamba, mbali na chavua ya chotara kadiri ya ukubwa wa shamba lake. Tumekubaliana Juni alete magunia yakiwa yameandikwa, niyakamue siku mbili tofauti, apime lita mwenyewe.